Mrija wa nyongo uliobanwa na kongosho: stenti au upasuaji?

Swali la msomaji: Daktari, shikamoo. Kaka yangu ana umri wa miaka 47 na amekuwa akiugua ugonjwa sugu wa kongosho kwa miaka tisa. Mwaka jana macho yake yalianza kuwa ya njano, tukaambiwa kwamba mrija wa nyongo umebanwa, akawekewa stenti ya plastiki, yaani kijibomba cha kuuweka mrija wazi, kwa njia ya kamera. Imebadilishwa mara moja, na iliyomo sasa ina miezi minne. Picha ya CT inaonyesha chembe za chokaa katika kichwa cha kongosho, na maumivu ya tumbo bado anayo. Daktari wa kamera anapendekeza stenti ya chuma, lakini daktari wa upasuaji anasema ni afadhali akatwe sehemu ya kichwa cha kongosho na mrija uunganishwe na utumbo. Njia ipi ni bora, na ipi inadumu? Na kwa kuwa macho yake yameshakuwa meupe, je, tunaweza kusubiri kwanza?

Jibu: Marahaba, na poleni nyote kwa kuuguza. Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa sababu ndilo lisiloweza kungoja. Stenti ya plastiki inayotumika sana katika mrija wa nyongo ina upana wa milimita 3 na kidogo tu, na ndani yake hujengeka utando wa bakteria na mashapo ya nyongo mpaka njia inaziba. Ndiyo maana hubadilishwa kila baada ya miezi 3 hivi, na ya kaka yako imekwisha kuupita muda huo. Macho kuwa meupe ni habari njema, lakini hayathibitishi kwamba stenti bado iko wazi. Inawezekana nyongo inapenya pembeni kwa shida, na siku itakapokwama, bakteria waliokwisha kuweka makazi ndani ya stenti watapata njia ya kupanda hadi kwenye ini na kuingia katika damu. Kwa hiyo mjadala wa stenti ya chuma au kisu usicheleweshe kubadilishwa kwa stenti aliyo nayo. Iombewe nafasi ndani ya siku chache zijazo. Akipata homa ya kutetemeka, au maumivu ya upande wa juu wa kulia wa tumbo, au mkojo ukirudia kuwa wa kahawia iliyokolea, asisubiri miadi, bali apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa tuje kwenye uamuzi wenyewe. Ili uone kwa nini madaktari wawili wenye nia njema wanaweza kutofautiana juu ya mgonjwa mmoja, inakubidi ujue mahali tatizo lilipo. Mrija mkuu wa nyongo hushuka kutoka kwenye ini na, kabla ya kumimina nyongo katika duodeni, yaani mwanzo wa utumbo mwembamba, hupita nyuma ya kichwa cha kongosho au, kwa watu wengi, ndani ya nyama yake hasa. Kongosho linapougua kwa miaka mingi, nyama yake laini hugeuka kuwa kovu gumu, na kovu kwa asili yake husinyaa. Mrija uliopita katikati ya kovu hilo hubanwa kutoka nje, taratibu, kwa urefu wa sentimita kadhaa. Hapo ndipo unapotofautiana na mrija ulioumia, kwa mfano, wakati wa upasuaji wa kuondoa mfuko wa nyongo: kule kovu ni fupi na liko kwenye ukuta wa mrija wenyewe, na likitanuliwa kwa muda wa kutosha mara nyingi hukubali. Kwa kaka yako, mrija si mgonjwa. Kilicho kigonjwa ni kile kinachouzunguka. Unaweza kuutanua mrija vizuri kabisa, ukaondoa stenti, na kovu lililobaki nje likaubana tena. Ukishaliona jambo hili moja, karibu kila takwimu nitakayokutajia hapa chini itakueleza sababu yake yenyewe.

Si kila mrija uliobanwa unahitaji kuguswa. Baadhi ya wagonjwa hupata manjano kwa sababu kongosho limevimba kwa mlipuko mpya wa ugonjwa, na uvimbe ukipungua baada ya wiki chache nyongo hupita tena bila msaada wa mtu. Wengine wana kifuko cha majimaji kilichojitokeza kando ya kongosho na kuusukuma mrija; kwao tiba ni kukitoa kifuko hicho. Jumuiya ya Ulaya ya Endoskopi ya Tumbo na Utumbo imekuwa ikishauri tiba pale mgonjwa anapokuwa na dalili, mawe ndani ya mrija, dalili za ini kuharibika au mbano unaoendelea kukaza, na hata kwa asiye na dalili yoyote iwapo kipimo cha damu cha alkalini fosfatazi, pamoja na bilirubini (rangi ya njano ya nyongo) au bila yake, kimebaki juu sana kwa zaidi ya mwezi mmoja. Sharti hili la mwisho huwashangaza watu, kwa kuwa mgonjwa anajiona mzima. Lakini nyongo inayotuama kimya kimya hulitia ini makovu, na mwisho wake unaweza kuwa ini lililokakamaa na kushindwa kazi. Jambo la kutia moyo ni kwamba madhara hayo, yakiwahiwa, yanaweza kurudi nyuma. Mwaka 2001 watafiti wa Ufaransa walieleza habari za wagonjwa 11 wa aina ya kaka yako, waliochukuliwa vipande vya ini kabla na baada ya nyongo kufunguliwa njia kwa upasuaji, na kwa 6 kati yao makovu ya ini yalikuwa yamepungua. Mimi nimeuchukua utafiti huo mdogo kuwa sababu kubwa ya kutowaacha wagonjwa wakizunguka mwaka hadi mwaka na mrija ambao haupitishi nyongo ipasavyo.

Kabla ya stenti ya chuma na kabla ya kisu, kuna swali ambalo nataka familia yenu iliulize waziwazi: je, saratani imetafutwa na haikuonekana? Ugonjwa sugu wa kongosho huongeza uwezekano wa saratani ya kongosho. Utafiti wa nchi kadhaa uliochapishwa mwaka 1993 ulikadiria kwamba kati ya wagonjwa hao asilimia 1.8 huipata ndani ya miaka 10, na asilimia 4 ndani ya miaka 20. Ni wachache, lakini saratani ya kichwa cha kongosho huubana mrija ule ule, mahali pale pale, na katika picha kovu na saratani hufanana sana. Kipimo cha damu kiitwacho CA 19-9 peke yake hakitoshi, maana hupanda pia nyongo inapoziba bila saratani yoyote. Kinachosaidia zaidi ni picha ya CT iliyopigwa vizuri na kulinganishwa na za zamani, ultrasaundi inayofanywa kutoka ndani ya tumbo kwa kamera, na chembe zinazochukuliwa kwa sindano au kwa brashi kutoka sehemu iliyobanwa. Vilevile kuna ugonjwa ambao kinga ya mwili hulishambulia kongosho, nao hubana mrija kwa namna hiyo hiyo lakini hutulia kwa vidonge vya steroidi. Ingekuwa hasara kubwa kumkata mtu ambaye angepona kwa dawa. Chokaa na miaka tisa ya ugonjwa humfanya kaka yako asifanane sana na wagonjwa wa kundi hilo, ila kuuliza hakudhuru.

Njia ya kamera unaijua kwa kuwa ameshaipitia. Mpira mwembamba hupitishwa mdomoni hadi duodeni, tundu la mrija hutafutwa, hukatwa kidogo ili lipanuke, na stenti huingizwa kupita sehemu iliyobanwa. Mgonjwa hana jeraha tumboni na mara nyingi hurudi nyumbani baada ya muda mfupi. Zipo hatari za kutokwa damu, kutoboka kwa utumbo, kuchochewa kwa kongosho na maambukizi, lakini kwa jumla ni ndogo kuliko za upasuaji mkubwa. Swali si kama stenti hufungua mrija, kwa sababu karibu kila mara hufungua. Swali ni nini hutokea siku inapotolewa.

Kuhusu stenti moja ya plastiki, jibu limejulikana kwa zaidi ya miaka 20, nalo halipendezi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003, wagonjwa 61 walitibiwa kwa stenti kwa mwaka mmoja na kisha wakafuatiliwa. Walioendelea kuwa salama bila stenti kwa muda mrefu walikuwa 16 tu, yaani asilimia 26. Kilicho muhimu zaidi kwenu ni jinsi chokaa ilivyowagawa. Kati ya wagonjwa 39 waliokuwa na chokaa katika kichwa cha kongosho, waliofanikiwa walikuwa 3; kati ya 22 wasiokuwa nayo, walifanikiwa 13. Sidhani kuna haja ya kuelezea zaidi namba hizo. Stenti moja ya plastiki kwa kaka yako ni daraja la kumvusha hadi kwenye tiba, na haifai kuhesabiwa kuwa ndiyo tiba.

Madaktari wa kamera wenyewe waliuona upungufu huo na wakabadilisha mbinu kwa namna mbili. Ya kwanza ni kupanga stenti kadhaa za plastiki sambamba, wakiongeza idadi kila zinapobadilishwa, ili mrija utanuliwe zaidi na zaidi. Ya pili ni stenti ya chuma inayojitanua yenyewe, iliyofunikwa yote kwa utando, ambayo ikishafunguka huwa na upana wa milimita 10 hivi. Utando huo una maana kubwa: stenti ya chuma isiyofunikwa humezwa na nyama ya mrija na haiwezi kutolewa tena, kwa hiyo haipaswi kuwekwa kwa mtu asiye na saratani. Mkikubali ya chuma, ulizeni kama imefunikwa yote.

Mbinu hizi mbili zimelinganishwa kwa haki, wagonjwa wakigawanywa kwa kura. Watafiti wa Finland walitoa mwaka 2015 matokeo ya wagonjwa 60, na miaka miwili baadaye waliobaki bila mbano walikuwa asilimia 90 kwa plastiki nyingi na asilimia 92 kwa chuma. Jaribio kubwa zaidi la wagonjwa 164 kutoka nchi kadhaa, lililochapishwa mwaka 2021, lilipata asilimia 77 kwa plastiki na 76 kwa chuma baada ya miezi 24, yaani hapakuwa na tofauti ya maana. Penye tofauti palikuwa idadi ya safari: waliowekewa chuma walifanyiwa kamera wastani wa mara 2.6, na wenzao mara 3.9. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2018 unakubali mojawapo ya njia hizo mbili, na unashauri tiba iendelee kwa miezi 12. Mimi hupendelea chuma pale mgonjwa anapoishi mbali na hospitali au anapokuwa mgumu kurudi, na sababu yangu ni hizo safari chache, si kwamba chuma kina nguvu ya kuponya kuliko plastiki. Kina kasoro zake pia. Huweza kuteleza na kutoka mahali pake, na huweza kuziba mlango wa mfuko wa nyongo na kuusababishia uvimbe.

Muda ukirefuka, picha inabadilika. Wagonjwa 118 wa ugonjwa huu waliowekewa stenti ya chuma walifuatiliwa kwa miaka mitano, na ilikadiriwa kwamba asilimia 62 hivi ndio waliobaki bila kuhitaji stenti nyingine. Miongoni mwa wale ambao mrija ulionekana umefunguka siku stenti ilipotoka, asilimia 77 waliendelea hivyo. Nadhani utaniruhusu nizisome namba hizi kwa pande zote mbili, kwa kuwa daktari wa kamera atakusomea upande mmoja na mpasuaji atakusomea mwingine. Zaidi ya nusu ya wagonjwa hao walikwepa kisu kwa miaka mitano, na hilo si jambo dogo kwa watu ambao wengi wao ni dhaifu. Lakini zaidi ya theluthi moja walirudi walipoanzia au hawakutoka pale kabisa.

Kuna hatari moja ya stenti ambayo haionekani vizuri katika majedwali ya tafiti, kwa sababu katika tafiti wagonjwa hupigiwa simu na kukumbushwa. Nje ya tafiti, watu hupotea. Maumivu yakipungua na macho yakiwa meupe, mgonjwa anajiona amepona, nauli inakuwa taabu, pombe inarudi, na stenti inasahaulika. Nimewapokea watu ambao stenti zao zilikaa mwaka mzima na zaidi ya muda wake, wakija na homa kali na shinikizo la damu lililoshuka, na si wote niliofanikiwa kuwaokoa. Ndiyo maana, ninapopima mgonjwa wa aina hii, swali la kama atarudi kwa tarehe lina uzito sawa na la picha ya CT. Naomba mlijibu kwa ukweli, hata kama jibu lenyewe linauma.

Upasuaji nao si kitu kimoja. Katika sura yake nyepesi zaidi, mpasuaji haligusi kongosho. Huukata mrija wa nyongo juu ya sehemu iliyobanwa na kuushona kwenye kitanzi cha utumbo mwembamba kilichovutwa juu, ili nyongo ipite njia mpya na kovu libaki likibana mahali pasipo na kazi tena. Wapo wanaoushona moja kwa moja kwenye duodeni. Ni kazi fupi zaidi, na inamwachia daktari wa kamera njia ya kuufikia mrija siku za usoni, ingawa mabaki ya chakula yanaweza kutuama katika kipande cha chini cha mrija na kuleta maambukizi. Katika mikono iliyozoea, kuunganisha mrija na utumbo hufungua nyongo kwa kudumu kwa zaidi ya wagonjwa tisa katika kila kumi. Sababu unaijua tayari: njia mpya haipiti ndani ya kovu.

Ila kuunganisha mrija peke yake hakutibu maumivu, kwa kuwa maumivu hutoka katika kongosho lenyewe. Hapo ndipo zinapokuja operesheni za kukiondoa kichwa cha kongosho, na nadhani ndicho mpasuaji wenu anachokusudia. Ya zamani ni ile iliyopewa jina la Allen Whipple wa Marekani, aliyechapisha kazi yake mwaka 1935, ambapo kichwa cha kongosho huondolewa pamoja na duodeni, mfuko wa nyongo na sehemu ya chini ya mrija. Baadaye Hans Beger wa Ujerumani, kuanzia mwaka 1972, alikuza mbinu ya kukitoa kichwa huku duodeni likiachwa, na mwaka 1987 Charles Frey wa Marekani alieleza mbinu ya kukichimba kichwa na kuufungua mrija wa kongosho kwa urefu, kisha vyote kufunikwa na utumbo. Katika mbinu hizi za kuhifadhi duodeni, mara nyingine mrija wa nyongo huachiwa kwa kule kuondolewa tu kwa nyama iliyoubana. Ukibaki umebanwa, hufunguliwa ndani ya shimo lililochimbwa au huunganishwa na utumbo kwa mshono wa peke yake. Mwulizeni mpasuaji ni lipi kati ya hayo analokusudia, kwa sababu mrija uliofunguliwa ndani ya shimo hilo unaweza kuja kuziba tena, na mshono wa pekee, ingawa huongeza muda wa operesheni, hunipa mimi utulivu zaidi wa moyo.

Gharama ya upasuaji kwa mwili haifichiki. Ni operesheni ya saa nyingi, mishono inaweza kuvuja, jeraha linaweza kuingia wadudu, na katika vituo vyenye uzoefu mkubwa vifo huwa chini ya asilimia 5, lakini si sifuri. Kukata kongosho hupunguza insulini na vimeng'enya vya kusaga chakula ambavyo tayari vilikuwa vikipungua. Mishono ya mrija na utumbo inaweza kubana baada ya miaka, na hapo kamera ya kawaida haitaufikia mrija kwa urahisi, kwa sababu njia ya utumbo imebadilishwa. Zaidi ya hayo yote kuna habari ya mishipa. Ugonjwa sugu wa kongosho huweza kuigandisha damu katika vena ya wengu au katika vena kuu inayoelekea kwenye ini. Vena hiyo kuu ikiziba, mwili huota kuizunguka vijishipa vingi vilivyojaa damu, hasa katika eneo lile ambalo mpasuaji anahitaji kupita. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, au mwenye ini lililokakamaa kiasi cha shinikizo la damu ya ini kupanda, kisu kinakuwa cha hatari mno, na stenti, pamoja na upungufu wake wote, ndiyo chaguo la busara.

Umeuliza ipi ni bora. Kwa kadiri ninavyofahamu, hakuna jaribio kubwa lililowagawa kwa kura wagonjwa wa mrija wa nyongo uliobanwa na kongosho, hawa stenti na hawa kisu. Linganisho nyingi zilizopo zimetazama mafaili ya nyuma, nazo zina kasoro isiyoepukika: aliyepasuliwa alichaguliwa kwa kuwa na nguvu za kustahimili, na aliyewekewa stenti mara nyingi aliwekewa kwa kuwa hana. Mtu akikuwekea asilimia za makundi haya mawili kando kwa kando, jueni kwamba halinganishi watu wanaofanana.

Majaribio ya kura yapo kwa tatizo la jirani, yaani maumivu yanayotokana na kuziba kwa mrija wa kongosho wenyewe, na yanawahusu kwa sababu kaka yako ana maumivu. Mwaka 2007 watafiti wa Uholanzi walichapisha jaribio la wagonjwa 39 lililosimamishwa mapema kwa sababu tofauti ilikuwa kubwa: waliopata nafuu ya maumivu baada ya miaka miwili walikuwa asilimia 75 upande wa upasuaji na asilimia 32 upande wa kamera. Jaribio lingine kutoka huko huko, la wagonjwa 88, lililochapishwa mwaka 2020, lilionyesha kwamba waliopasuliwa mapema walikuwa na maumivu pungufu, katika miezi 18 ya kufuatiliwa, kuliko waliopitia kwanza hatua za dawa na kamera. Tofauti yenyewe haikuwa kubwa sana. Hayo hayathibitishi lolote kuhusu nyongo. Yanaonyesha tu kwamba mgonjwa mwenye maumivu na mbano wa nyongo kwa pamoja ana sababu mbili za kwenda kwa mpasuaji, ilhali asiye na maumivu ana moja.

Kwa hiyo, nikiyapima uliyonieleza, naona hivi. Kama saratani imetafutwa vizuri na haikuonekana, kama vena kuu ya ini iko wazi, kama ini halijakakamaa, na kama hospitali anayoelekea inafanya operesheni za kongosho mara kwa mara na si mara moja moja, mimi ningeegemea kwa daktari wa upasuaji. Kaka yako ana miaka 47, na miaka mitano ya mafanikio haimtoshi. Ana chokaa katika kichwa cha kongosho, na chokaa huifanya kazi ya stenti kuwa ngumu. Ana maumivu ambayo stenti ya nyongo haitayagusa. Mambo hayo matatu yanaelekea upande mmoja, na ningemwambia hivyo hata ndugu yangu wa damu.

Simaanishi kwamba daktari wa kamera amekosea. Pendekezo lake linakuwa bora kuliko la mwenzake endapo vena imeziba, au moyo na mapafu havistahimili operesheni, au mgonjwa amekonda kupita kiasi. Hali hiyo ya mwisho ni ya kawaida kwa wagonjwa wa kongosho, na inaweza kurekebishwa: stenti ya chuma ya miezi kadhaa humpa mtu nafasi ya kula, kunywa vimeng'enya vya kongosho pamoja na chakula, kudhibiti sukari na kurudisha uzito, kisha akaingia katika chumba cha upasuaji akiwa mtu mwingine. Hata kaka yako mwenyewe, akisema kwa hiari yake kwamba hayuko tayari kukatwa, ana haki ya kujaribu stenti ya chuma kwa mwaka mmoja, mradi sharti liwekwe tangu sasa: mwaka ukiisha na mrija ukawa bado umebanwa, au ukijibana tena baada ya stenti kutolewa, asianze mwaka wa pili na wa tatu wa stenti kana kwamba hakuna njia nyingine. Kosa ninaloliona mara nyingi zaidi ni la mgonjwa anayestahili upasuaji kuachwa katika mzunguko wa stenti mpaka mwili wake hauwezi tena kupasuliwa.

Ombeni madaktari hao wawili wakae pamoja mbele ya picha zile zile, ikiwezekana na mtaalamu wa picha akiwepo. Wakikutana, mara nyingi tofauti yao hupungua, kwa sababu mmoja alikuwa hajaiona vena na mwingine alikuwa hajajua kwamba maumivu yanaendelea. Wakichagua upasuaji, ulizeni pia kuhusu vitamini K, kwa kuwa nyongo isipofika utumboni mwili hushindwa kuifyonza, na damu hukosa kuganda ipasavyo. Wakichagua stenti, andikeni tarehe ya kuwekwa na tarehe ya kutolewa, nakala moja akae nayo yeye na nyingine akae nayo mtu wa familia asiyesahau.

Pombe na sigara viachwe kabisa, kwa njia yoyote atakayofuata. Sigara peke yake huliharibu kongosho hata kwa mtu aliyekwisha kuacha pombe, na hili wagonjwa wengi hawajawahi kuambiwa. Vipimo vya damu vya ini viendelee kila baada ya miezi michache katika miaka miwili ya kwanza baada ya stenti kutolewa, kisha angalau mara moja au mbili kwa mwaka, kwa sababu alkalini fosfatazi hupanda mapema kuliko macho kubadilika rangi. Aliyepasuliwa naye ajue kwamba homa ya kutetemeka, hata ikija miaka mingi baadaye akiwa amesahau kwamba aliwahi kukatwa, inaweza kuwa ni mshono wa mrija uliobana, na daktari atakayempokea siku hiyo aelezwe kwanza kuhusu operesheni hiyo kabla ya kuanza kutafuta malaria.